Nilisukuma chipu zote, nikashinda, mbona sikupewa zote?

Karata_Mbili:
Jamani, naombeni mnieleweshe. Tulikuwa wanne kwenye poka. Mimi nilibakiwa na chipu 600, wa kulia kwangu 1,000, wa mbele yangu 2,400. Wa nne aliweka 50 akatupa karata. Nikasukuma zote, na hao wawili nao wakasukuma zote. Karata za mezani zilipokwisha kufunguliwa, mimi nina ree tatu, wa kulia jozi mbili, wa mbele jozi moja. Nanyoosha mkono nikusanye, mgawaji akanizuia! Nikapewa 1,850, wa kulia akapewa 800 ilhali nimemshinda waziwazi. Imeniuma sana. Haki iko wapi hapo?

Mgawaji_wa_Zamu:
Amegawa sawasawa, ndugu yangu. Kwa kila mpinzani unakula kiasi kile ulichoweka wewe, hakizidi. Uliweka 600, basi chungu kikuu, yaani fungu la chipu mnaloshindania wote, kinachukua 600 kwa kila mmoja wenu watatu: 1,800. Ile 50 ya aliyejitoa inabaki humohumo, ndiyo ikafika 1,850.

Wa kulia alikuwa na 400 za ziada, wa mbele akatoa 400 kuzilingana. Hizo 800 ni chungu cha pembeni, na humo wewe huna hata chipu moja, kwa hiyo ree zako hazina neno. Zile 1,400 za wa mbele hakukuwa na wa kuzilipia, zinamrudia mwenyewe. Hebu jiulize: wangekushinda, wangekula ngapi kwako? 600 tu.

Karata_Mbili:
Sasa nimeelewa, ahsante sana. Na kama wale wawili wangebaki na chipu, wakaendelea kupandishiana, kisha mmoja akatupa karata?

Shupaza:
Hapo ndipo nilipoumia mimi. Mwenzetu aliyesukuma zote alikuwa na jozi ndogo. Mimi nina jozi ya kumi. Yule mwingine akanipandishia dau kubwa kwenye chungu cha pembeni, nikatupa, nikiamini kwamba kwenye chungu kikuu bado nimo. Simo! Ukitupa karata umetoka kwenye vyungu vyote. Cha pembeni akakichukua aliyenipandishia, kikuu wakashindania wao wawili, na jozi yangu ilikuwa inawapiga wote. Kwa hiyo kabla ya kutupa, hesabu na chungu kikuu pia, usiangalie dau lililo mbele yako peke yake.

Mgawaji_wa_Zamu:
Shupaza kasema kweli, na naliona kosa hilo mara kwa mara. Niongeze jingine linalozua ugomvi kwenye meza zisizo na kikomo cha dau. Mtu anafungua kwa 200, wewe unalipa 200, wa tatu anasukuma zake zote, nazo ni 260. Hiyo si nyongeza kamili, maana ingepaswa kufika 400. Zamu ikirudi kwa aliyefungua, akilipa zile 60 tu, wewe nawe unalipa 60 au unatupa. Kupandisha tena huruhusiwi.