Ushauri: Mkristo aishi vipi na rafiki asiyeamini kabisa kuwa Mungu yupo?

Neema_Tele: Habari zenu wakuu. Nina rafiki wa karibu, mtu mwema, hana makuu, ila haamini kama Mungu yupo. Ndugu zangu wamesikia, nyumba imewaka moto. Mama kasema heri hata angekuwa Muislamu, angalau ana anayemwogopa. Usingizi sipati. Je, Mkristo anaruhusiwa kuwa karibu na mtu wa hivi? Matusi hapana.

Mzee wa Kigoda: Zaburi 14:1, mpumbavu amesema moyoni mwake hakuna Mungu. Kimbia binti.

Kinyonga: Mimi siamini, na madeni yangu nalipa. Mzee, Wakristo wa kwanza wenyewe waliitwa wakana Mungu na Warumi, kisa wamekataa kuabudu miungu ya dola. Polikarpo, askofu wa Smirna aliyeuawa kwa imani yake, aliamriwa aseme "waondoke wakana Mungu". Akasema, ila huku akiuelekezea mkono umati uliojaa uwanjani.

Bint Swaleh: Mimi Muislamu, mfikishie mama shukrani kwa kutupandisha daraja 😂 Ila dada, rafiki gani huyo wa kukukosesha usingizi?

Neema_Tele: Haya, ni mchumba wangu.

Mzee wa Kigoda: Nilijua tu! 2 Wakorintho 6:14, msifungiwe nira pamoja na wasioamini.

Mama Wawili: Mzee, soma pia 1 Wakorintho 7, mume asiyeamini hutakaswa katika mkewe. Najua hapo Paulo anaongea na waliokwisha kuoana, usianze. Wangu hasali popote. Jumapili ananifikisha hadi mlango wa kanisa, halafu anabaki garini na gazeti lake. Nikitoka ananiuliza padri kasema nini leo, na hapo tunabishana mpaka nyumbani. Kuna shemasi mmoja wa kwetu, mkewe hajawahi hata kuulizwa neno. Huyo naye tumwiteje?

Bint Swaleh: Mama Wawili usituhamishe. Neema, kuna kitu hujasema.

Neema_Tele: Amekubali kubatizwa ili tufunge ndoa kanisani, yaishe. Haamini, ila atajibu "nasadiki" kama wengine. Maji hayamdhuru mtu. Matangazo yameshasomwa mara mbili, sasa mnataka nirudi nyuma vipi? Na wangapi wamebatizwa na hawaamini?

Kinyonga: Hata mimi mpagani hapo nimeshtuka. Unamfundisha mwenzio kuapa uongo ili mama alale?

Mwalimu wa Dini: Neema, huo uongo wala hauhitajiki. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni 1086, inasema Mkatoliki kuoana na asiyebatizwa ni kizuizi, lakini askofu anaweza kukiondoa. Wewe ndiye unayeahidi kuitunza imani yako na kujitahidi watoto wabatizwe na kulelewa humo. Yeye anajulishwa ahadi yako, haapishwi kuamini. Na kwa Mzee: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, katika hati yake *Lumen Gentium* namba 16, mwaka 1964, ulisema hata wasiomjua Mungu waziwazi bila kosa lao, wakijitahidi kuishi vema, Mungu hawanyimi msaada. Hati yake nyingine, *Gaudium et Spes* ya 1965, ikakiri kwamba waamini wenyewe wana mchango katika watu kumkana Mungu, kwa jinsi wanavyofundisha na wanavyoishi.

Mzee wa Kigoda: Mimi si Mkatoliki. Yohane 14:6, mtu haji kwa Baba ila kwa njia ya Yesu, haina kanuni ndogo.

Fundi Mitambo: Wakuu, mnakunywa chai na hamjui. Mtu mzima habatizwi kwa kuitwa tu, kuna ukatekumeni, yaani kipindi cha mafundisho kabla ya ubatizo, na wengi hubatizwa mkesha wa Pasaka. Sasa matangazo yamesomwaje mara mbili wakati bwana harusi hana hata cheti cha ubatizo cha kumpa paroko?

Bint Swaleh: Eeeh! Mleta mada, njoo ujibu.

Kinyonga: Naona hata mama wa stori amebuniwa.

Neema_Tele: Mama yangu mwacheni. Matangazo bado, nilisema vile mjue tumefika mbali. Kwa katekista tumeenda, nikasema tunaanza mafundisho, yeye akanyamaza kimya. Mchumba alitaka kumwambia ukweli palepale, mimi ndiye nikamkanyaga mguu. Kadi zimeshachapwa, hilo ni kweli kabisa.

Mama Wawili: Kwa hiyo mwenye imani ndiye anayemzuia asiye na imani asiseme kweli. Haya.

Neema_Tele: Dada, wewe ulishavuka, ni rahisi kusema. Mwalimu, huyo askofu anaandikiwa na nani, mimi au paroko?

Mwalimu wa Dini: Paroko ndiye anayeomba. Nendeni wote wawili, na safari hii mguu wake uuache.

Fundi Mitambo: Na kadi zimeandikwa tarehe ipi, kanisa lipi?