UNEP kuwa shirika kamili? Mi naona tunagusa pasipouma

Wakuu, hii hoja ya kwamba UNEP, yaani programu ya mazingira ya Umoja wa Mataifa (UN), ipandishwe daraja iwe shirika kamili la UN kama WHO, lile la afya, naielewa, ila siikubali. WHO yenyewe ni shirika kamili na bado sehemu kubwa ya bajeti yake ni michango ya hiari, sasa hilo daraja limeisaidia nini kwenye pesa? UNEP tangu 1972 shida ni hiyohiyo, serikali inachangia ikijisikia. Baada ya Rio+20, ule mkutano wa UN wa maendeleo endelevu mwaka 2012, wakafanya mageuzi, lile baraza la uongozi la UNEP la nchi 58 likaondoka ikaja UNEA, baraza la mazingira la UN ambamo kila nchi ina kiti. Sawa, viti vimeongezeka, meno je?

Angalieni mkataba wa dunia wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. UNEA iliamua Machi 2022 kwamba mazungumzo yakamilike mwisho wa 2024, kwenye kikao cha Busan wakashindwa, cha Geneva Agosti 2025 wakashindwa tena, na nchi zaidi ya 100 zilishasema zinataka uzalishaji wa plastiki upunguzwe lakini wachache wenye mafuta wakagoma basi ikaishia hapo, kwa sababu kila kitu lazima wote waafikiane. COP, ile mikutano ya nchi kuhusu tabianchi, nazo ndo hivyohivyo, tangu ile ya kwanza Berlin 1995 kanuni ya kupiga kura haijawahi kupitishwa. Miaka 30 hiyo jamani! Inauma.

Mi nasema wakishindwa kuafikiana wapige kura. Najua mtasema kura itazikimbiza nchi kubwa, na mkataba bila wazalishaji wakubwa ni karatasi tu. Hapo hata mimi nilikwama muda mrefu. Ila someni Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kuzuia kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni: maafikiano yakishindikana, theluthi mbili ya wanachama wanaweza kukaza ratiba ya kupunguza kemikali ambazo tayari zimo kwenye mkataba, mradi wapate wingi upande wa nchi zilizoendelea na upande wa zinazoendelea pia. Baadaye ukaja mfuko wa kuzisaidia nchi zinazoendelea kubadili teknolojia, na aliyebaki nje akafungiwa biashara ya zile kemikali na wanachama. Kukaa nje ikawa hasara, leo nchi zote zimo. Na sekretarieti yake iko chini ya UNEP hiihii tunayoiita dhaifu.

Kwa hiyo mimi nataka kura ya theluthi mbili na michango ya lazima, jina libaki lilivyo. Anayetetea shirika jipya anieleze, siku nchi tano zikigoma litafanya nini?