Jiwe linalolia la Serengeti: wageni waendelee kuligonga?

Wakuu, hili naomba tulijadili kwa uzito.

Pale Moru, kusini mwa Seronera, kuna jiwe kubwa limejaa vishimo vya mviringo. Ukigonga kishimo kwa kijiwe linalia kama chuma; ukihamia kingine, sauti inabadilika. Vishimo vile si mapambo, vimechimbika kwa kugongwa. Nilipofika, kundi lililonitangulia lilikuwa likipokezana vijiwe na kupiga picha, na unga mweupe wa jiwe umebaki ndani ya vishimo. Unga ule uliniuma. Kina cha kila kishimo, na mahali kilipo, ndiyo kumbukumbu tuliyoachiwa na wapigaji wa zamani, nasi tunaisaga.

Msimamo wangu: mgeni asikilize, asigonge.

Mchangiaji wa kwanza: Sikubaliani nawe mkuu. Hiyo ni ngoma, na ngoma ni ya kupigwa. Ukilizungushia kamba litakuwa jiwe kama mawe mengine. Hata Stonehenge, duara la mawe ya kale kule Uingereza linalolindwa vile, mwaka 2013 watafiti wa Royal College of Art waliruhusiwa kuyagonga mawe, na baadhi yakalia. Bila mkono wa mtu nani angejua?

Mchangiaji wa pili: Mnabishana juu ya vishimo tu. Kumbukeni rimu ya gari tuliyoifanya kengele shuleni: ikining'inia inasikika hadi mtaa wa pili, ilaze chini inatoa "ko" basi. Mawe yanayolia yako vivyo hivyo, aghalabu yamekalia sehemu chache, mtetemo unakosa pa kumezwa. Udongo ukijaa chini yake, au mtu akalisakafia kwa saruji kwa nia njema, sauti inafifia hata kama hakuna aliyegonga. Anayelinda jiwe alinde na lilivyokaa.

Mleta mada: Hilo la saruji sikuwa nimeliwaza, asante. Ila mchangiaji wa kwanza, wale watafiti walikuwa na kibali, na walikuwa na swali wanalolitafutia jibu. Nalegeza hapa tu: mwongozaji agonge yeye, kishimo kimoja, wengine tunyamaze. Mimi mwenyewe niligonga mara mbili kabla sijauona ule unga, na mlio ule hadi leo ninao sikioni, kwa hiyo najua ninachomnyima mtu.

Wenzetu wa Uganda, kisiwa cha Lolui katika Ziwa Victoria nacho kina mawe ya namna hii. Ninyi mngependa utaratibu gani?