Gereji imebadili klachi ya Kirikuu yangu, gari likagoma kuwaka, wakaniuzia betri na stata wakati waya wa eathi hawakuurudisha

Wakuu, nina hasira na nitaandika kwa kirefu, maana yaliyonikuta yanawakuta wenye magari ya biashara kila siku na wengi wanalipa kimyakimya.

Nina Suzuki Carry, Kirikuu hizi za cc 660, inabeba mizigo ya watu kutoka soko la Mabibo kwenda Kimara na Mbezi. Klachi ilianza kuteleza. Ukikanyaga mafuta kwenye kilima injini inapiga kelele, gari haliendi, na harufu ya kuungua inakufuata. Nikaipeleka kwenye gereji inayosifiwa sana, yenye ofisi na mafundi wenye ovaroli za sare, sio ya chini ya mti. Tukakubaliana klachi pleti, presha na rilizi beringi vyote vipya, pamoja na ufundi. Na naomba hili lishikwe: gari liliingia pale linawaka kwa ufunguo, mguso mmoja tu. Dereva wangu ndiye aliyeliendesha hadi ndani ya geti.

Napigiwa simu kwamba kazi imeisha, nikafika na pesa. Nikazungusha ufunguo: "ta!" Kimya. Taa za dashibodi zikafifia kidogo tu. Fundi mkuu hata hakuinama kuangalia chini. "Bosi, betri yako imekufa."

Nikamuuliza inakufaje ikiwa imelala gereji kwake na jana yake ilikuwa nzima. Akasema betri zikikaa zinakufa. Nikanunua betri mpya. Ikafungwa. "Ta!" Sasa ikawa stata, ile mota ya kuzungusha injini, eti gia yake ndogo (bendiksi) imechoka na makaa yake ya kupitisha umeme yamekwisha. Nikatoa pesa ya stata nyingine, ya mtumba kutoka Japani. Ikafungwa, ikalia vilevile. Vijana wakasukuma gari, nikaachia klachi kwenye gia ya pili, likawaka. Fundi akafurahi, akaniambia nitumie hivyohivyo huku wakinitafutia kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, kwa sababu "itakuwa imepigwa shoti."

Hapo ndipo nilipochoka. Gari linawaka kwa kusukumwa, linatembea, linapanda kilima, halafu mtu mzima ananiambia kontroli boksi imeungua! Ingekuwa imeungua, cheche zingetoka wapi? Mafuta yangepelekwa na nani? Kuwaka kwa kusukumwa maana yake injini ni nzima na tatizo liko kwenye njia ya umeme mkubwa wa kuzungusha stata. Hilo anatakiwa alijue mwanafunzi, sembuse mwenye gereji.

Likaja la hatari zaidi. Tukiwa njiani kurudi, baada ya kujaribu stata mara kadhaa kwenye foleni, moshi ukatokea chini upande wa pedali. Harufu ya plastiki. Nikawapigia simu, wakanijibu kwamba klachi mpya huwa inanuka mpaka izoee. Klachi mpya inaweza kunuka kidogo, sawa. Lakini haitoi moshi wa plastiki kwenye pedali! Na Kirikuu, kwa asiyeijua, injini iko chini ya viti. Ningekuwa nimekalia moto.

Aliyemaliza jambo hili ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, ana kibanda na testa yake tu. Nikamwamkia, nikamweleza. Aliuliza swali moja: "Kabla halijaanza kugoma, mara ya mwisho lilifanyiwa nini?" Nikamwambia klachi. Akapima betri, ikasoma volti 12.6, maana yake imejaa. Akaweka ncha moja ya testa kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Kipimo hicho kinatakiwa kibaki chini ya nusu volti hivi. Kikaruka hadi volti nyingi. Akachukua waya mmoja mnene wa kubusti, akaunganisha hasi ya betri na chuma cha injini moja kwa moja. Nikagusa ufunguo, gari likawaka kabla sijakaa vizuri kitini.

Akaingia chini na tochi. Waya wa eathi unaotoka gia boksi kwenda kwenye bodi unaning'inia, bolti yake haipo. Waliufungua ili washushe gia boksi, wakapandisha gia boksi, wakauacha.

Nieleze kwa asiyejua, kwa sababu mafundi wanatuibia hapa. Injini na gia boksi vimekaa juu ya maunti za raba. Raba haipitishi umeme. Hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo ili stata izunguke lazima umeme urudi kutoka injini kwenda kwenye bodi kupitia ule waya. Stata inakula ampea nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye gari. Ukiuondoa waya, umeme unatafuta njia nyingine yoyote ya chuma, na kwenye gari langu ulipata kebo ya klachi na kebo ya akselereta. Hizo ni nyuzi nyembamba za kuvuta, hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Zikapata moto, ganda la plastiki la kebo ya klachi likayeyuka. Ndio moshi ule. Ndiyo "klachi inazoea". Na taa na vitu vidogo viliendelea kufanya kazi kwa sababu eathi yake iko kwenye bodi, haipiti kwenye waya ule. Stata peke yake ndiyo iligoma, wakapata nafasi ya kunidanganya kwamba ni betri.

Mtu akibadili klachi anagusa vitu vinavyohesabika. Anafungua terminali ya betri, anatoa stata kwa sababu imeshikwa kwenye nyumba ya klachi, anachomoa soketi ya swichi ya rivasi, anatoa propela shafti, anafungua kebo ya klachi na waya wa eathi. Gari likigoma baada ya hapo, anarudi kwenye vitu hivyo kimoja kimoja kabla ya kumtuma mteja dukani. Je, ule waya mdogo wa stata, unaoleta amri ya ufunguo, umerudishwa? Bolti za stata zimekazwa, au imekaa upande? Kuna waya uliobanwa kati ya gia boksi na injini? Magari yenye swichi kwenye pedali ya klachi, soketi yake imerudi? Na kama stata inazungusha injini vizuri ila haiwaki, aangalie sensa ya kranki, inayoiambia kontroli boksi kwamba injini inazunguka, kwani kwenye magari mengine inakaa jirani na flaiwili na inavunjwa au inasahaulika wakati wa kupandisha gia boksi. Kazi hii haihitaji kompyuta. Inahitaji tochi na mtu anayejali.

VETA, vyuo vya ufundi stadi, wanafundisha umakanika na umeme wa magari kama fani mbili. Gereji ile haina fundi umeme hata mmoja, na hawasemi. Wanabahatisha kwa pesa ya mteja. Sipingi makanika asijue umeme. Ninapinga asiyejua kuniambia kwa uhakika kwamba betri yangu imekufa.

Nilirudi kwao na picha za ule waya. Jibu nililopewa: "Lakini bosi, stata yako nayo ilikuwa imechoka." Nikaomba stata yangu ya zamani, wakasema imeshatupwa kwenye vyuma chakavu. Imetupwa na nani, kwa idhini ya nani? Ni mali yangu, na ilikuwa inawasha gari siku lilipoingia kwao. Betri ya zamani iliyodaiwa kufa iko nyumbani, mzee ameipima, nzima.

Ninadai pesa ya betri, pesa ya stata, kebo mpya ya klachi, na mapato ya siku zote gari lilipolala wakati wateja wangu wa sokoni wanahamia kwa wengine. Wameniambia nipeleke popote. Na nitapeleka. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na nitaanzia huko. Kikwazo ni kwamba hawakunipa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nina kikaratasi cha mkono chenye mhuri wao, meseji za simu na picha za waya ukining'inia.

Mwenye uzoefu wa kudai gereji akiwa na karatasi ya namna hiyo anieleze alianzia dirisha gani na alitakiwa apeleke nini. Na wewe uliyetoka kubadili klachi wiki hii na gari linalia "ta", usinunue betri leo. Unganisha kwanza hasi ya betri na chuma cha injini kwa waya mnene, ujaribu ufunguo.