Mabonde ya Gombe: je, yanatembeleka mwaka mzima?

Mkazi wa Mwanga: Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Tunaishi Kigoma mjini, lakini wanangu hawajawahi kukanyaga Gombe, hifadhi ya taifa ya sokwe iliyo kando ya Ziwa Tanganyika. Je, mabonde yale yanayoteremka hadi ziwani yanapitika hata wakati wa masika, au tungoje kiangazi?

Mzee wa Kibirizi: Marahaba. Yanapitika mwaka mzima, ila kila majira yana utamu na taabu yake. Wakati wa mvua njia huteleza vibaya, kwa kuwa miteremko ni mikali, ikipanda kutoka ufukweni, takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hadi mgongo wa milima unaokaribia mita 1,500. Hata hivyo, majira hayo sokwe hawazururi mbali, na maporomoko ya Kakombe hunguruma kwa maji mengi. Kuanzia Julai hadi Oktoba njia hukauka, na picha hutoka vizuri zaidi. Barabara ya kufika huko hakuna. Mtapanda boti hapa Kibirizi.

Dada wa Ujiji: Naongeza jambo moja ambalo nalisisitiza kwa moyo wote: mwenye mafua asiwakaribie sokwe, kwani wao huambukizwa magonjwa yetu ya kifua, na wapo waliokufa kwa sababu hiyo. Ulizeni pia umri unaoruhusiwa kwa watoto kabla ya kulipia boti.

Mkazi wa Mwanga: Nawashukuru sana. Tutakwenda Agosti, na yeyote kati yetu akipatwa na kikohozi, tutaahirisha safari.