Tupeane uzoefu: mkate wa oti na mtindi, usio na hamira (wa Arusha na Moshi karibuni)

Mwanzisha mada (Sakina, Arusha)

Wadau wa jikoni, salaam. Naona wengi wanaogopa kuoka mkate nyumbani kwa sababu ya hamira. Donge liumuke, libonyezwe, liumuke tena, na baridi ya Arusha ya Juni na Julai haisaidii kitu, donge linakaa limelala tu. Mkate wa soda hauna hayo. Ukishachanganya, unaingia motoni muda huohuo. Kwangu ndio mkate wa nyumbani siku hizi, na naamini kabisa kwamba sisi wa huku tuna kila sababu ya kuuoka, maana kinachoubeba mkate huu ni mtindi, na mtindi Arusha na Moshi ni wa kumwaga.

Ninavyofanya: oti kikombe kimoja na nusu (kikombe cha mili 250) naziloweka kwenye mtindi kikombe kimoja na robo, naziacha nusu saa au zaidi zilainike. Pembeni nachekecha unga wa ngano vikombe viwili, nusu mweupe nusu atta (wa ngano nzima), pamoja na chumvi nusu kijiko cha chai na bekingi soda kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa kwa kisu. Soda lazima ipite kwenye chekeche. Kidonge chake kikibaki, utakuja kukitafuna, kichungu, na mkate unapata doa la njano mahali pale. Kisha nachimba kishimo katikati ya unga, namimina oti na mtindi wake na asali kijiko kikubwa kimoja, nachanganya kwa vidole vilivyotanuliwa mpaka unga mkavu usionekane. Basi, naacha hapohapo. Ukianza kukanda kama chapati, ngano inajikaza na mkate unatoka mgumu. Donge linatakiwa linate kidogo mkononi.

Nalifinyanga duara, nachora msalaba wa kina juu yake ili moto ufike katikati, naingiza kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 35 hadi 40. Ukiugeuza na kuugonga chini, usikie mlio wa kitu chenye uwazi ndani. Ukisikia mlio mzito, urudishe. Na uache upoe kwenye wavu, maana ukiukata wa moto ndani unakuwa bado unanata.

Kwa nini haraka? Soda ikikutana na uchachu wa mtindi inatoa hewa ukaa hapohapo, na viputo hivyo ndivyo vinavyoinua mkate. Ukichanganya halafu ukaenda kupokea simu, viputo vinaishia kwenye bakuli.

Haya, leteni visa vyenu. Nani anaoka bila oveni? Mtindi gani unakupa matokeo mazuri?

Mdau wa Kiboriloni, Moshi

Mimi sina oveni na sijawahi kuwa nayo. Naoka kwenye jiko la mkaa, na mkate wangu watu wanaugombania.

Nachukua sufuria kubwa nzito, chini namwaga mchanga mkavu uliochekechwa, kama vidole viwili kwenda juu. Nafunika, naweka jikoni dakika kama ishirini ishike moto kabla sijaanza hata kuchanganya unga. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachanganya kwanza, ndipo wanaanza kupepea mkaa! Sufuria ndogo yenye mkate, iliyopakwa siagi na kunyunyizwa oti chini, inakaa juu ya mchanga. Kisha mfuniko wa bati, na makaa juu ya mfuniko. Kanuni yangu ni makaa mengi juu, machache chini. Chini nikishaona moto umetulia, napunguza mpaka yanabaki ya kuhesabika, maana mchanga wenyewe umeshabeba joto.

Kupima moto, natupia chembe za unga juu ya mchanga. Zikiwa kahawia polepole huku nikizitazama, moto uko sawa. Zikiungua papo hapo, naondoa makaa. Na mfuniko usifunuliwe kila mara. Pua itakwambia: kwanza unasikia harufu ya maziwa, baadaye inageuka kuwa ya oti zilizokaangwa, na hapo ndipo nafunua kwa mara ya kwanza. Ukifunua, inua mfuniko sawasawa kwa koleo, majivu yasimwagikie mkate.

Ganda la juu linapasuka kwenye ule msalaba, kingo zinakuwa ngumu na za kahawia iliyokolea, pale ndani ya mpasuko panabaki peupe. Watoto wangu wanagombea hizo kingo.

Mdau wa Marangu

Mdogo wangu wa Kiboriloni umenikumbusha mbali. Mama yangu alifanya kazi ya jikoni misheni, huku kwetu uchaggani, enzi za mapadre Waairishi, na alirudi na ujuzi huu huu. Sisi tuliuita mkate wa misheni. Hakuwa na oti, alitumia unga wa ngano wa kusaga mashineni pamoja na pumba zake, na maziwa yaliyobaki baada ya kusukasuka na kutoa siagi. Hayo maziwa, wanangu, ndiyo yenyewe hasa. Ni mepesi, yana uchachu mzuri, na mkate unatoka laini kuliko ukitumia mtindi mzito.

Kule Ayalandi mkate wa soda ulianza kuenea miaka ya 1830, bekingi soda ilipoanza kupatikana madukani. Ngano yao ilikuwa laini, haivutiki vizuri kwa hamira, lakini kwa soda na maziwa machachu ilikubali bila shida. Na wengi vijijini hawakuwa na oveni. Walioka ndani ya chungu cha chuma chenye mfuniko, moto chini, makaa juu ya mfuniko. Kwa hiyo anayepalia makaa Kiboriloni anafanya kilekile walichofanya wenye mkate wao.

Mama alikuwa anakata vipande vinene, anapaka siagi, tunakula na chai ya maziwa kabla ya kwenda kukata majani ya ng'ombe.

Mdau wa Soweto, Moshi

Shikamoo mama wa Marangu. Swali kwa wote: bekingi soda ikiisha, naweza kutumia magadi? Si tunayo ndani siku zote kwa ajili ya kiburu (ndizi na maharage) na makande?

Mwanzisha mada

Dada wa Soweto, hapana, na hili nalisema kwa herufi nzito. Magadi tunayonunua sokoni mengi yanatoka Ziwa Natron, na ni mchanganyiko wa bikaboneti na kaboneti ya sodiamu. Kaboneti ni kali zaidi. Kwenye sufuria nzima ya makande unatia kidogo na maji ni mengi, lakini kwenye mkate ladha ya sabuni inabaki, na rangi inakuwa ya manjano iliyochafuka. Tena huwezi kujua bonge hili lina nguvu kiasi gani. Na kuna jambo zito zaidi: magadi ya huku yanabeba floraidi, na sisi wa Arumeru maji yetu tayari yana floraidi ya kutosha, meno ya watoto wetu yanaonyesha. Hakuna haja ya kuwaongezea kwenye mkate wa asubuhi.

Soda ikiisha, bekingi pauda inafaa, tia mara tatu ya kipimo cha soda. Ila bekingi pauda ina tindikali yake ndani, kwa hiyo unaweza kutumia maziwa freshi, na ladha haitakuwa ileile.

Mdau wa Ngaramtoni

Wangu unapanda vizuri sana dakika za mwanzo, halafu katikati unadidimia kama sahani. Vipimo ni hivihivi vya mada. Dada yangu Dar anatumia hivyohivyo na wake unasimama. Nimebadilisha unga, nimebadilisha hadi oveni, kudidimia ni kulekule.

Mwanzisha mada

Sikiliza, dada. Dar ni usawa wa bahari. Arusha mjini tuko kama mita 1,400, na Ngaramtoni ni juu zaidi ya mjini. Huku hewa ni nyepesi, kwa hiyo kiputo kilekile kinavimba zaidi kabla unga haujaiva na kujishika. Kinapasuka, mkate unashuka. Maji yenyewe huku kwetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana hata maharage yanatusumbua. Moshi mjini haifiki mita 1,000, ndugu zetu wa Kiboriloni hawalioni sana tatizo hili, lakini mama wa Marangu analijua bila shaka.

Punguza soda iwe robo tatu ya kijiko. Ongeza mtindi vijiko viwili vikubwa, kwa kuwa huku unga unakauka haraka. Na oveni iwe ya moto kamili kabla mkate haujaingia, ganda lijishike mapema.

Mdau wa Marangu

Kweli kabisa. Mimi natumia robo tatu siku zote. Na mkate usiwe mrefu kwenda juu, utandaze kidogo.

Mdau wa Njiro

Naomba niweke hapa jambo ambalo litamwokoa mtu asitupe mkate. Niliongeza mbegu za alizeti zilizomenywa, konzi moja. Ulipotoka ulikuwa mzuri tu. Kesho yake asubuhi nakata, ndani kila mbegu imezungukwa na kijani, kijani cha majani kabisa. Mfanyakazi wangu alikataa kuugusa, akasema umeota ukungu.

Haukuwa ukungu. Alizeti ina tindikali moja ya asili ambayo ikikutana na soda iliyozidi inabadilika rangi kuwa kijani. Haina madhara. Ukungu una manyoya na harufu, hii ni rangi tu, laini, iko kwenye mbegu na pembeni yake. Ukipunguza soda au ukitia ndimu kidogo kwenye mtindi, haitokei. Alizeti na oti vinapatana sana, usiogope.

Muuguzi mstaafu, Majengo, Moshi

Wanangu, mkate huu naupenda na ninauoka, lakini tuambiane ukweli, maana nasikia watu wanamwambia mgonjwa wa presha "huu ni wa afya, kula tu".

Oti zina nyuzinyuzi zinazoyeyuka, beta-glukani, na hizo zinasaidia kushusha lehemu (kolesteroli) mbaya. Ila kiasi kinachosaidia ni kama gramu 3 kwa siku. Kipande kimoja cha mkate hakifiki huko, kwa hiyo uji wa oti uendelee. Upande wa pili, bekingi soda ni sodiamu. Kijiko kimoja cha chai kina miligramu 1,260 hivi, na nusu kijiko cha chumvi kinakaribia hapohapo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku kutoka vyakula vyote. Ukikata mkate vipande kumi, kila kimoja kina kama 240, hiyo si mbaya. Ukila vinne na supu yenye chumvi, umeshavuka nusu ya siku yako. Kwa mwenye presha mimi chumvi naiondoa kabisa, soda inatosha kuupa ladha.

Mwenye sukari naye ajue kwamba hii bado ni ngano. Kipande kimoja, na yai au maharage pembeni, asali usitie. Na kwa yule ambaye tumbo lake halipokei ngano, mkate huu haumfai, oti hazibadilishi hilo.

Mdau wa Kilombero, Arusha

Asante sana mama muuguzi. Baba ana presha, leo nimeelewa.

Kuhusu mtindi: epuka ule wa viwandani wenye sukari na ladha za matunda. Sukari inaunguza ganda kabla ndani hakujaiva. Mimi nanunua maziwa mgando ya kina mama wa sokoni, natikisa chupa vizuri ili maji na mabonge vichanganyike. Siku nikikosa, maziwa freshi kikombe kimoja na maji ya ndimu kijiko kikubwa, naacha dakika kumi yakatike. Inakubali.

Soda yenyewe ijaribu pia. Tone la ndimu juu yake, isipochemka kwa fujo imeshakufa. Kopo likikaa wazi jikoni kwa muda mrefu linapoteza nguvu.

Mdau wa Tengeru

Jaribuni na mtori. Kipande kilichochomwa kidogo kwenye kikaango, kingo zikakauka, unachovya. Sina la kuongeza.

Mdau wa Soweto, Moshi

Nimeelewa ya magadi, nimeshanunua soda. Mkate unakaa siku ngapi?

Mdau wa Kiboriloni, Moshi

Siku ya kuoka na kesho yake ndio utamu wake. Ufunge kwenye kitambaa safi, sio mfuko wa plastiki ungali na joto, utatoa jasho. Siku ya tatu uchome kwenye kikaango. Ukiwa na friza, kata vipande kwanza ndipo ugandishe, asubuhi unatoa unachohitaji tu.

Mwanzisha mada

Naona hakuna aliyeleta kisa cha jiko la gesi lisilo na oveni, sufuria na mchanga juu ya gesi, ambapo huwezi kuweka moto juu. Kama yupo anayefanya hivyo na sehemu ya juu ikapata rangi, aandike dakika na ukubwa wa moto, wengi wanapanga chumba kimoja na mkaa hawaruhusiwi. Na dada wa Ngaramtoni, ukioka kwa robo tatu ya soda, rudi utuambie kama katikati palisimama.