Swali la mamangu limepelekwa pakingi na mpaka saa hii halijarudi

BintiWaMajengo
Jamani naandika mikono yatetemeka, mnisamehe herufi. Nyote mwamjua yule bwana. Yule wa mikutano ya wazazi, mwenye prajekta na kalamu tatu mfukoni, azungukaye shule baada ya shule hapa kisiwani Mombasa na ng'ambo ya daraja. Akifungua mdomo maneno yamwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Huyo huyo. Leo kamgusa mamangu.

Mwanangu yuko Gredi ya 5. Mimi nafanya zamu Changamwe, na mkutano ulikuwa saa nane mchana, nikamuomba mamangu anitangulie. Yeye ndiye amleaye huyu mtoto, mimi naleta pesa tu. Kaoga, kajifunga leso ambayo hata Idi hakuivaa, kadi ya ripoti kaikunja mara nne kaitia mkobani. Alikuwa na swali moja. MOJA. Kwenye kadi pameandikwa AE mstari baada ya mstari, hesabu mpaka Kiswahili, naye ataka kujua mtoto kapita ama kaanguka.

Bwana kazungumza saa nzima. Umilisi wa kimsingi. Masuala mtambuka. Viashiria vya utendaji. Ushirikishwaji wa wadau. Rubriki, rubriki, rubriki, mpaka feni ya ukumbi nadhani ilichoka ikazunguka polepole. Mamangu kangoja. Bwana alipopumua, mamangu kainua mkono kwa adabu zake, kauliza. Na yule bwana mbele ya wazazi wote kamjibu: "Mama, swali zuri sana. Hebu tuliweke pakingi kwanza."

PAKINGI.

Mamangu kainuka, katoka nje. Hakukasirika. Alidhani huko nje kuna mtu wa kumjibu.

Nimefika saa tisa unusu nikamkuta amesimama juani, jua lile mwalijua, katikati ya basi la shule na pikipiki ya mlinzi, kadi mkononi imelowa jasho. Mama, wafanya nini hapa? Aniambia, "Nangoja swali langu. Nimeambiwa liko huku."

Nimeingia ukumbini moto wawaka kifuani. Kumbe pakingi ni karatasi kubwa imebandikwa ukutani kwa selotepu, ndiko waandikako maswali wasiyotaka kuyajibu saa hiyo. La mamangu lilikuwa la tatu, kalamu nyekundu: "bibi – matokeo". Yule bwana alikuwa ashaondoka. Mlinzi kaibandua karatasi mbele ya macho yangu, kaikunja, kaisukuma nyuma ya kabati.

Mwanamke amenisomesha mimi na ndugu zangu wanne kwa mahamri, tangu alfajiri mikono kwenye unga, leo asimamishwa juani na karatasi. Zama za KCPE, ule mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, hakuhitaji mkalimani. Jumla ilikuwa 500, ukija na 350 apika pilau, ukija na 190 anyamaza siku mbili. Mtihani huo umefanywa mara ya mwisho 2023, na ukaenda na lugha yake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, yasema mtu akikamatwa aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa. Mwizi wa kuku ana haki hiyo! Mamangu aliyeitwa mkutanoni kwa barua hana?

kijana_wa_stendi
Pole dada. Lakini "Nangoja swali langu" nimecheka mpaka abiria wamegeuka 😂😂 Mwenyezi Mungu anisamehe.

Mzee_wa_Kibokoni
Huyo namjua. Alikuja kwetu mwaka jana, alisema "tushuke chini kwenye mashina" nikainama nikatazama viatu vyangu.

SalhaT
Si yeye alosema "tuipakue hiyo" na mzee wa watu akadhani chakula kimefika? Hata sahani alitoa 😭

mwalimu_chaki
Naomba nitetee kidogo, mimi niko darasani. AE si tusi. Viwango ni vinne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa chini ya matarajio. AE ni hicho cha tatu. Mtaala huu wa umilisi umeingia shule zote tangu 2019 kuanzia madarasa ya chini, na nia ni mtoto asipigwe muhuri wa kuanguka akiwa na miaka kumi. Mimi na mwenzangu ofisini nikimwambia "AE kwenye kugawanya" tumemaliza, hatupotezi dakika tano. Kila kazi ina maneno yake.

BintiWaMajengo
Mwalimu, wewe umetumia mistari miwili nikaelewa. MIWILI. Yeye alikuwa na saa nzima na umeme wa shule. Mwalimu wa darasa nilimpata getini, kaniambia "yuakaribia, ana shida ya kugawanya, mkalishe jioni mfanye naye". Nikamtafsiria mamangu pale pale na mamangu kasema, "Basi si angenambia hivyo?" Si angemwambia hivyo! Maneno ya ofisini yakae ofisini. Aliyemsimamisha mamangu juani si mtaala, ni yeye na pakingi yake.

Nahodha_Mstaafu
Mwalimu asema kweli nusu. Nimeendesha majahazi miaka mingi. Mabaharia wangu nikiwaambia tupige bisha, yaani tugeuze tanga tukate upepo, kila mtu ashika kamba yake, hapana wa kuuliza. Yale ni maneno ya kazi na yatuokoa. Lakini abiria simwambii bisha wala foromali, ule mti wa tanga. Abiria namwambia "inama kichwa, mti waja". Nikimwambia foromali yaja ataniuliza foromali ni nani, na hapo ashapigwa.

SalhaT
Nahodha umemaliza maneno 👏

jicho_la_Tudor
Mamako naye si angeuliza tu pakingi ni nini?

BintiWaMajengo
Aulize nini?? Pakingi aijua! Pakingi ni mahali pa kuweka magari! Ndiyo sababu katoka nje! Wewe ukiambiwa kitu chako kiko jikoni utauliza jikoni ni nini?

jicho_la_Tudor
Sawa sawa, nimenyamaza.

Baba_Mapacha
Nyinyi mwalia na shule, hamjafika hospitali. Mke wangu kaugua upele miezi miwili, tukapelekwa kwa daktari bingwa, vipimo pesa haikusemeka. Daktari kasoma karatasi, kasema "idiopathiki". Tukarudi nyumbani tumenyamaza kama tumetoka mazikoni. Nikamwita shemeji yangu muuguzi. Kumbe maana yake ni kwamba sababu haijulikani! Nimelipa nambiwe "sijui" kwa Kigiriki!

Umm_Zahra
Na "negativu" je? Ami yangu aliambiwa kipimo kimetoka negativu, akaanza kuusia watoto. Hakuna aliyemwambia kuwa hiyo ndiyo habari njema, ugonjwa haukuonekana.

Baba_Mapacha
Ami wako pole, mimi nilishika mkono wa mke wangu usiku kucha.

BintiWaMajengo
Haya yote ni kweli lakini tusimsahau huyu bwana. Mamangu amevua leso ile, ameikunja, asema hendi tena mkutanoni, atanitia aibu. ATANITIA AIBU, yeye! Sasa hivi amelala na kadi iko chini ya mto.

kontena_40
Shule na hospitali afadhali. Njooni huku bandarini. Nimeagiza mzigo wangu mdogo, ajenti aniambia "kuna demareji, kuna ditensheni". Nikadhani ni nchi mbili mzigo umepitia. Kumbe moja ni kulipia kontena kukaa bandarini zaidi ya siku za bure, nyingine ni kuchelewa kulirudisha likiwa tupu. Ningeelezwa siku ya kwanza ningekimbia na mkokoteni. Nimelipa zaidi ya bei ya mzigo.

kijana_wa_stendi
Ulileta nini?

kontena_40
Vitanda vya mitumba. Usiniulize.

Mlumbi_Mdogo
Tatizo kubwa ni Kiswahili cha vitabuni. Mtoto wangu alipewa swali la "tarakilishi", nikampa jibu la kompyuta, akapigwa mkasi. Duka zima la Mwembe Tayari hakuna auzaye tarakilishi.

mwalimu_chaki
Tarakilishi ni neno zuri, lina mantiki. Tarakimu na akilishi.

Mlumbi_Mdogo
Zuri kwa nani? Nenda ukaulize bei ya kipakatalishi, yaani laptopu, uone utakavyoangaliwa.

Mzee_wa_Kibokoni
Rununu, hiyo simu ya mkononi, ndiyo iliyonimaliza mimi. Nilidhani ni ndege.

Umm_Zahra
😂 Kiyoyozi nimekikubali lakini.

mwalimu_chaki
Kiyoyozi mwakikubali kwa sababu ya joto. Hapo hapana hoja ya lugha.

BintiWaMajengo
Jamani, uzi ni wa mamangu.

Mlumbi_Mdogo
Na barafu je? Mbona barafu hamuilalamikii?

Nahodha_Mstaafu
Barafu yatoka Uajemi, mwanangu, ni neno la mgeni aliyekwisha kuzaa hapa. Usiliguse.

kontena_40
Dada, mamako auza mahamri sehemu gani Majengo? Ya iliki ama ya kawaida?

BintiWaMajengo
Ya iliki na tui la nazi. Njia ya kwenda sokoni, mkono wa kushoto, chini ya mwarobaini. Mbaazi pia zipo.

SalhaT
Ndiye huyo?? Yule bi mkubwa wa leso za njano? Subhanallah, nimekula mahamri yake tangu sijaota meno ya ukubwani!

kijana_wa_stendi
Kesho niwekee kumi na mbaazi za shilingi hamsini, nitapita saa kumi na mbili na gari.

Baba_Mapacha
Mimi ishirini. Mke wangu kapona upele, ataka kula.